Yukata ya shilingi 15,000 na kwapa nililoliziba

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Moja ya pamba, shilingi 15,000 baada ya kuishusha kutoka 25,000. Moja ya poliesta, shilingi 8,000, na hiyo muuzaji hakubishana nami hata kidogo, jambo ambalo lingetosha kunishtua. Zote nimezitoa kwenye mitumba Mtwara mjini, kwa kijana ambaye akifungua belo lenye vitambaa vya ajabu ananipigia simu, maana anajua mimi hununua kitambaa, fasheni namwachia mwenyewe. Alichokuwa anauza hakukijua. Ile ya pamba alinipa kama "joho la karate", ya poliesta kama gauni la kulalia.

Kumbe ni yukata, vazi jepesi ambalo Wajapani huvaa majira yao ya joto, hasa kwenye sherehe za Julai na Agosti. Jina lenyewe nililisikia baadaye, na mara ya kwanza nikadhani nasemwa mimi: yuakata, fundi yuakata nguo. Nikajibu ndiyo, nakata, lete kitambaa.

Mimi ni fundi wa Mikindani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, baraza ni langu, na huu ni mwaka wa 26 nashona: madera, sare za shule, magauni ya kicheni pati msimu wa korosho pesa zikiingia, na viraka miezi mingine yote. Kwa hiyo haya ni maoni ya fundi. Anayetaka kujua kama yukata inapendeza kwenye picha awaulize mabinti.

Nguo yoyote ya mtumba ikifika mikononi mwangu, kwanza naigeuza ndani nje. Hii niligeuza nikaona kama sijageuza. Maua yaleyale, buluu ileile iliyokolea, ndani na nje. Kanga ya siku hizi ukiigeuza unakutana na uso uliofifia kama mtu aliyetoka homani. Hii haikuwa na upande wa aibu. Baadaye nikaelezwa kwamba kuna namna ya kutia rangi wanayoiita chusen. Kitambaa hukunjwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limepakwa gundi ya kuzuia rangi kwa kufuata karatasi iliyotobolewa maua, halafu rangi humiminwa kwa chombo chenye mdomo kama birika huku ikivutwa kwa chini. Kisha mzigo wote unageuzwa na kumiminwa tena. Rangi haipakwi juu, inapita ndani ya uzi na kutokea upande wa pili. Maua ya yukata yangu ni lile ua la mtambaazi linalofunguka asubuhi na kusinyaa jua likipanda. Kwao huitwa asagao na ni ua la majira ya joto. Nasi tunao ndugu zake wanaotambaa mchangani ufukweni, hakuna anayewatazama mara mbili.

Pili, mshono. Hapa nilivuta kigoda nikakaa. Nguo nzima imeshonwa kwa mkono, mishono ya mstari ulionyooka tupu. Hakuna mkato wa mviringo kwapani, hakuna shingo iliyochimbwa, hakuna hata kipande kimoja kilichokatwa mshazari. Nilihesabu vipande 8: viwili vya mwili kutoka mbele kupita begani hadi nyuma, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya kuongezea mbele, ukosi, na kipande kinachofunika ukosi. Nikashusha futi shingoni nikapima upana wa kipande cha mwili: inchi 14 na kidogo, na kando zote mbili ni ukingo wa kitambaa wenyewe, mkasi haujagusa. Kwao kitambaa cha vazi hili hufumwa chembamba hivyohivyo, kati ya sentimita 36 na 38, urefu wa mita 12 hivi, na mzingo mmoja hutoa nguo moja. Fundi hana cha kufagia jioni.

Nyie mnaovaa hamjui maumivu ya kufagia. Dera moja la mtindo linaniachia mfuko wa vipande ambavyo havifai hata kwa mto. Nguo hii mtu akinenepa unafumua na kuachia; ikichakaa magotini unafumua na kugeuza kipande cha juu kwenda chini. Ikishindikana kabisa, wanawake wa zamani kule waliigeuza nepi, na nepi ikaishia tambara la kudekia. Niliposikia hilo nikasema basi hawa watu wana kanga, wameishona mikono tu. Kanga nayo huanza harusini, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikafia mlangoni ikipanguswa miguu.

Sasa kasoro. Niliona mbili siku hiyohiyo, na zote mbili nilizishughulikia kwa ujuzi wangu wote.

Ya kwanza: ni ndefu kupita kiasi. Mimi ni mfupi, futi tano ukinipima asubuhi, na nguo iliburuta sakafuni shubiri nzima. Binti ninayemfundisha kazi alikwisha kuchora chaki, mkasi uko mkononi, nikamwambia subiri, kwanza tumalize tundu.

Maana ya pili ilikuwa hiyo: chini ya kila kwapa mshono ulikuwa wazi. Tundu la kupitisha mkono, kulia na kushoto, sawasawa. Nikasema mtumba bwana, umevaliwa na mtu mwenye mabega. Nikatafuta uzi wa buluu unaofanana, nikaziba kulia, nikaziba kushoto, mshono mdogomdogo wa kujificha ambao hata mwenye nguo asingeuona. Nilijisifu. Nikampa binti aangalie, naye akasifu.

Ilikuwa Februari, kaskazi imelala, joto la Mikindani mnalijua wenyewe. Alasiri nikaivaa, nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa barazani napunga kipepeo cha kuchochea mkaa. Na kweli, pamba ile ni nzuri. Haigandi mgongoni, inapitisha upepo, mikono yake mipana inajipepea yenyewe. Kwa joto la Desemba hadi Machi naipa alama zote. Nikakaa hivyo watu wanapita wananisalimia, hadi akapita Mwalimu na baiskeli yake.

Mwalimu ni binti wa Kijapani aliyekuja kujitolea, alikuwa akifundisha sayansi sekondari. Mteja wangu; nilimshonea sketi tatu. Akashuka kwenye baiskeli, akasimama, mkono mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeganda?"

"Mama, samahani sana. Twende ndani kidogo."

Ndani akanifungua kanga bila kuomba ruhusa, akashika upande wa kulia wa nguo akaulaza kwanza kwenye mwili wangu, halafu wa kushoto akauleta juu yake. "Hivi," akasema. "Mtu mzima, mwanamke, mwanamume, mtoto, wote hivi. Kushoto inakaa juu. Ukiweka kulia juu ni maiti. Kwetu marehemu ndiye anavalishwa hivyo."

Astaghfirullah. Tangu alasiri nimekaa barazani nimevaa sanda ya watu, napunga kipepeo.

Halafu akainua mkono wangu ili arekebishe mgongoni, akatafuta kitu kwapani, akatafuta tena. Akainama kutazama. Nikamwambia kwa fahari: palikuwa pamefumuka, nimepaziba. Mwalimu alicheka hadi akakaa sakafuni. Kumbe tundu lile ni la makusudi. Yukata ya mwanamke huachwa wazi kwapani, upepo uingie, na mvaaji apitishe mkono kwa ndani anyooshe nguo. Ya mwanamume ndiyo hushonwa ikazibwa. Mimi nilikuwa nimeigeuza yukata ya kike kuwa jike dume.

Na urefu? Urefu nao si kasoro. Yukata ya mwanamke inatakiwa iwe ndefu kama mvaaji mwenyewe kutoka utosini hadi chini, kisha ile ziada inakunjwa kiunoni na kufungwa kamba, mkunjo unabaki unaonekana chini ya mshipi. Ndiyo maana nguo moja inamfaa mama mrefu na binti yake mfupi. Nilimwangalia binti wangu na ile chaki yake, naye akaangalia dari.

Mshipi wake huitwa obi. Wa yukata ni mwembamba ukilinganisha na wa kimono ya sherehe kubwa, upana wa sentimita kama 15 au 17, urefu mita tatu na nusu au zaidi, unazungushwa mara mbili na kufungwa nyuma kama mabawa ya kipepeo. Wangu haukuwamo kwenye belo. Mitumba hutenganisha mume na mke bila huruma. Tulikunja kanga kwa urefu tukafunga, na Mwalimu alivyoivuta nilihema. Nikamwambia mwanangu, hiki sisi tunakiita kibwebwe, na tunakifunga tukiwa na kazi au na ngoma. Akasema na hiki pia ni cha ngoma. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa, na nguo nikaielewa ni ya nini.

Katikati ya Agosti, tarehe 13 hadi 16 sehemu nyingi, Wajapani wana siku wanazoziita Obon. Tokyo hufanya Julai, kwa sababu nchi ilibadilisha kalenda mwaka 1873 na kila mahali pakachagua namna yake ya kuhesabu. Ni siku ambazo waliotangulia hurudi nyumbani. Tarehe 13 familia huwasha moto mdogo mlangoni ili wageni wasipotee njia. Tarehe 16 huwasha mwingine wa kuwaaga. Kyoto moto wa kuaga huwashwa milimani, milima mitano inayozunguka mji, na miwili kati yake moto umepangwa uwe herufi inayosomeka "kubwa". Watu husafiri kutoka mijini kurudi kwao, husafisha makaburi, huweka chakula. Asili yake ni dini ya Budha: mwanafunzi wa Budha ambaye wao humwita Mokuren aliona mama yake marehemu anateseka kwa njaa, akaelekezwa atoe sadaka kwa watawa, mama akaokoka, na mtoto akacheza kwa furaha. Kwa mapokeo, ngoma ya Obon imetoka kwenye miguu ya huyo mtoto.

Mimi ni Muislamu, wazee wangu nawarehemu kwa dua na hitima, na sikuona haja ya kubishana na mtu kuhusu marehemu wake. Ila bibi yangu mzaa mama, kule Newala, alikuwa akienda na unga wa mtama chini ya mti fulani na kurudi bila unga, nasi watoto tukakatazwa kuuliza. Nilimwambia Mwalimu kwetu wafu hawaalikwi, ila ukiwasahau wanakuja wenyewe usingizini, tena wanakuja wamekasirika. Akasema ni afadhali kuwaalika basi.

Nikamuuliza wanakuja na usafiri gani. Akaomba tango na bilinganya. Akavichomeka njiti za kiberiti nne nne, vikasimama mezani. Tango ni farasi, wa kuja naye, ili wafike upesi. Bilinganya ni ng'ombe, wa kurudi naye, ili waondoke polepole. Binti wangu akasema Mtwara farasi hakuna, babu angekuja na bodaboda. Mwalimu aliandika hiyo kwenye daftari lake.

Agosti ilipofika akaamua kufanya ngoma hiyo uwanjani pa shule, Jumamosi jioni, na wanafunzi kama 40. Akataka nguo sita za wasichana wa mbele. Hiki ndicho kipimo halisi nilichoipa yukata, maana nguo huijui mpaka uishone.

Kitambaa chembamba cha inchi 14 hakuna hapa. Nilitumia kanga. Yukata moja imekula kanga tatu, yaani doti moja na nusu, nikizipasua kwa urefu nipate vile vipande vyembamba. Miji ya kanga ilinitesa: mahali ambapo Mjapani ana kitambaa cha maua mwanzo hadi mwisho, mimi nina mji, pindo na jina. Jina nililipeleka kifuani nikidhani nimepata, na mvaaji alipofunga kushoto juu ya kulia neno likakatika katikati. WEMA likabaki nje, HAUOZI likaingia ndani kwenye mbavu za binti wa watu. Zilizofuata nililipeleka mgongoni. Kushona kwa mashine ni rahisi kuliko sare ya darasa la kwanza. Mistari tu, mbele na nyuma, saa mbili na nusu nguo imekwisha. Makwapa niliyaacha wazi. Wazazi wawili walinirudishia wakisema fundi umesahau hapa.

Miguuni kwao huvaa geta, viatu vya mbao vyenye meno mawili chini na kamba ya kupitisha kati ya vidole. Sisi tulikuwa na mitalawanda ya bibi zetu, mbao vilevile, ila siku hizi utaipata kwa mzee mmoja mmoja au kwenye makumbusho. Wasichana walicheza kandambili.

Ngoma yenyewe ni ya duara. Kwao katikati hujengwa jukwaa la mbao liitwalo yagura, mpiga ngoma anakaa juu, taa za karatasi zinatandazwa kwa kamba kutoka juu kwenda pande zote, na watu wanazunguka chini, mabibi, watoto, polisi wa mtaa, yeyote. Sisi tulipandanisha madawati. Mwalimu alifundisha ngoma moja ya wachimba makaa ya mawe wa kisiwa cha Kyushu: unachimba, unachimba, unabeba begani, unaweka kiganja juu ya jicho kama unayetazama mbali, unasukuma kigari, unapiga makofi. Wanafunzi waliielewa upesi kuliko alivyotegemea, kwa kuwa malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma wanayaona kila siku yakienda bandarini. Mvulana mmoja aliongeza kitendo cha kufunga turubai. Kikaingizwa.

Kilichowashinda ni kutulia. Ngoma ya Obon kiuno kimelala. Mikono ndiyo inazungumza, miguu inasogea hatua mbili mbele, moja nyuma, nguo ile nyembamba haikuruhusu zaidi. Kwetu kiuno ndicho chenye shughuli. Tulikuwa tumemwomba mzee mmoja jirani atupigie, na mzee alivumilia mizunguko miwili. Wa tatu mkono wake ukaanza kukimbia wenyewe, na kabla Mwalimu hajasema kitu uwanja mzima ulikuwa sindimba. Mwalimu naye aliingia. Hapo niliona kwa macho yangu mipaka ya bidhaa hii: yukata haihimili sindimba. Mkunjo wa kiunoni ulitoka, pande za mbele zikaachana, mishipi ikapanda vifuani, na mimi fundi nilikuwa nakimbia duarani na pini mdomoni. Anayetaka yukata ya kuchezea ngoma za kwetu aniambie mapema nimshonee kaptula ya ndani.

Mwalimu alituliza watu kwa kusema kwamba kwao Tokushima, mji wake wa nyumbani kwenye kisiwa cha Shikoku, tarehe 12 hadi 15 Agosti barabara hujaa wachezaji usiku, na wanaume hucheza wameinama magoti nje, kasi vilevile. Kwa hiyo tulikuwa ndani ya sheria. Tokushima hiyohiyo ndiyo iliyotajirika zamani kwa nili, ile rangi ya buluu ya majani, na ndiyo maana yukata za asili ni buluu na nyeupe. Yangu alisema yaonekana ni rangi ya kiwandani inayoiga nili. Nikamwonyesha kipande cha kaniki cha marehemu mama. Akakinusa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mwingine akinusa kitambaa kabla hajakisifu, nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu.

Chakula nisikae nacho sana, ila pweza lazima nimtaje. Kwenye vibanda vya sherehe za kwao huuzwa takoyaki, donge la unga lenye kipande cha pweza ndani, lililoanza Osaka miaka ya 1930. Huokwa kwenye chuma chenye vishimo vya mviringo na kugeuzwa kwa kijiti cha chuma. Mama wa vitumbua aliyekuwa nasi alimsikiliza Mwalimu hadi mwisho, akaenda kwake, akarudi na chuma cha vitumbua na spoku ya baiskeli. Pweza tulimpata asubuhi hiyo pwani. Umbo lilitoka sawa kabisa. Juu tulimwagia ukwaju, kwa kukosa mchuzi wao, na Mwalimu akanyunyiza samaki mkavu aliyeparuliwa mwembamba kama karatasi, akachezacheza kwa mvuke. Watoto wakadhani yu hai. Lakini ndani takoyaki inatakiwa ibaki laini kama uji. Mikindani nzima ilitoa hukumu moja: havijaiva. Vikarudishwa motoni.

Usiku tulipeleka taa majini, mishumaa ndani ya vifuu vya nazi, kama wanavyofanya wao kuwaaga wageni kwa mto au bahari. Agosti ni kusi. Zilizofika mbali hazikuzidi tano. Watu walinyamaza zikienda, hata wale wa bodaboda waliokuwa wanatusubiri, na sijui kila mmoja alikuwa anamuaga nani.

Nirudi kwenye bidhaa.

Ile ya poliesta ya 8,000 msiinunue kwa joto. Imechapwa upande mmoja, ndani ni nyeupe kama tumbo la samaki, inateleza kiunoni kila ukikaa, na jasho linabaki pale lilipotokea. Imeshonwa kwa mashine na ovaloki, kufumua ni kuichana. Ilikuwa na obi lake la kubandika, ua lililokwisha kufungwa tayari na waya wa kuchomeka nyuma, lakini kijana wa mitumba alikuwa ameshalitenga akaliuza kama pambo la viti vya harusi. Nilipomweleza lilikuwa la nini akasikitika kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya Wajapani.

Ya pamba nainunua tena kesho. Ina matatizo yake. Bodaboda huwezi kupanda ila kwa kukaa upande, na dereva atakulalamikia kwenye kona. Mikono inaingia kwenye mchuzi. Mfuko wa kweli haina. Mkono wenyewe ndio mfuko, chini umeshonwa kama kibindo, na elfu mbili yangu ilidumu humo hadi nilipoinua mkono kumpungia mtu. Rangi nayo inachuja. Nililoweka na kanzu ya Ijumaa ya mzee wangu, na mzee alikwenda msikitini akiwa na kwapa la buluu. Nguo hii kwa kweli ina jambo na makwapa. Ifueni peke yake, maji baridi, chumvi kidogo, muianike kivulini.

Ukiikuta sokoni, geuza kwanza. Maua yakiwa sawa pande zote, usimwonyeshe muuzaji uso wako. Angalia mabegani kama jua limekula rangi, kisha pitisha vidole kwenye mshono wa mgongoni: mshono wa mkono unausikia, una vilima. Jipime nayo kwa urefu wako wote, na ikiburuta usiguse mkasi. Zaidi ya 20,000 usitoe kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kulipwa hata mitumba inapanda na hakuna wa kukusikiliza. Wa kushonewa ya kanga kwangu ni ufundi 12,000, kanga tatu unakuja nazo, na jina utachagua mwenyewe linakaa wapi.

Mwalimu alimaliza muda wake akarudi kwao. Agosti iliyopita akanitumia picha ya sherehe ya mtaani kwao: jukwaa, taa, duara la watu mamia, mabibi wamechomeka vipepeo nyuma ya obi. Amesimama katikati na moja ya zile yukata za kanga, WEMA HAUOZI mgongoni, amegeuka nusu ili lisomeke. Binti wangu aliisifu picha. Mimi niliikuza kwa vidole, nikapita mtu mmoja mmoja aliyeinua mkono, natazama kwapani.